Muhuri wa mpira wa kuchongesha kwa kadi za siku ya kuzaliwa: uzoefu wangu

Seti nyingi za mihuri ya kadi zinazouzwa mtandaoni zimeandikwa Kiingereza. Anayetaka "Heri ya Siku ya Kuzaliwa" aende kwa mafundi wa mihuri ya ofisi, wale wenye viduka vidogo mjini wanaohudumia makampuni na shule. Ninaoutathmini hapa ni muhuri wao wa kawaida: mpira uliochongwa kwa leza, ukabandikwa kwenye kibao chenye mpini. Kwa kadi za mkono nauona bora kuliko seti za plastiki angavu (mihuri inayopenya nuru, unayobandika na kubandua kwenye kibao kinachoonyesha), kwa sharti kwamba oda itolewe vizuri.

Kataa ule wenye pedi ya wino ndani yake. Ofisini hauna mpinzani, lakini kwenye kadi fremu yake inakuziba usione vizuri maneno yanapoangukia, na unabaki na rangi moja tu hadi ubadilishe pedi. Wa mpini unakubali rangi yoyote. Hata kalamu za felti za wino wa maji zinafaa: paka "Heri ya" kwa nyekundu na mstari wa chini kwa bluu moja kwa moja juu ya mpira, upumulie kwa kinywa wazi ili wino ulioanza kukauka ulainike, kisha gonga. Maka za kudumu usizitumie, zinakauka kabla hujafika kwenye karatasi na doa halitoki.

Ukubwa wa milimita 58 kwa 22 unatosha kadi ya A6, maneno yakiwa katika mistari miwili. Ukiyalazimisha kwenye mstari mmoja, herufi zinakuwa ndogo mno, matundu ya "e" na "a" yanajaa wino na kuwa vidoti. Herufi ndogo zisipungue milimita 4 kwa kimo, na mistari yake isiwe myembamba kuliko nusu milimita. Miandiko ya mapambo yenye mikia kama uzi huvutia kwenye skrini, ila kwenye mpira mikia hiyo hulala ikibanwa. Mpelekee fundi faili jeusi tupu juu ya nyeupe, likiwa limeandikwa kama linavyosomeka. Kugeuza kama kioo ni kazi yake. Ukigeuza wewe naye akageuza, muhuri utapiga maneno kinyume.

Sisitiza pia sponji nyembamba kati ya mpira na kibao. Bila sponji, meza ikiwa na bonde kidogo tu, herufi moja au mbili zinakosa wino, na watu hubonyeza kwa nguvu zaidi hadi kingo zinaacha alama. Kama muhuri umeshatengenezwa bila hiyo, tandika kurasa kadhaa za gazeti chini ya kadi. Kingo za mpira zilizobaki nje ya maandishi zipunguze kwa mkasi, ukiinamisha makali kuelekea nje ili mguu wa herufi ubaki mpana. Ukikata kwa kuingia ndani, herufi ya pembeni inakosa mhimili na inapinda kila ukigonga.

Mpira mpya mara nyingi hukataa wino: unakusanyika matone matone badala ya kutanda. Usugue taratibu kwa kifutio cha penseli, uoshe kwa sabuni, ukauke. Baada ya hapo, leta pedi kwenye muhuri, yaani geuza muhuri uso juu na uugonge-gonge kwa pedi kidogo kidogo. Ukizamisha muhuri kwenye pedi, wino unaingia mabondeni na kutoa kivuli. Kwenye karatasi bonyeza wima, hesabu hadi tatu, inua wima. Kuyumbisha muhuri ndiko kunakoleta ule mstari mchafu pembeni.

Wino wa chupa wa ofisini una glisirini ili pedi isikauke, kwa hiyo kwenye karatasi inayong'aa hubaki mbichi na kuchafua bahasha. Kwenye manila isiyong'aa unanywewa haraka. Ukitaka kupaka rangi za maji juu ya ulichogonga, wino huo utayeyuka. Hapo natafuta pedi ya wino ya VersaFine, na kwa maka za alkoholi natumia ya Memento. Zote mbili ni za Tsukineko ya Japani, na ubora wake unaonekana zaidi kwenye mistari myembamba.

Manila ya gramu 220 hadi 250 kwa mita ya mraba ndiyo inayofaa. Kata A4 katikati upate A5 mbili, kila moja ikunje iwe A6 (milimita 105 kwa 148), itaingia kwenye bahasha ya C6. Usikate A4 kwa urefu ukapata vipande vya 105 kwa 297, ingawa ukubwa wa mwisho ni uleule: nyuzi za A4 nyingi zimelala kwa urefu, na kukunja kwa kuzivuka kunapasua uso wa karatasi kwenye mkunjo. Kwanza chora mfuo (mstari uliodidimia wa kukunjia) kwa rula na kalamu ya bik iliyokwisha wino. Halafu ikunje kadi mfuo ukibaki nje na kituta chake ndani. Wengi hufanya kinyume, na mkunjo unakuwa mnene.

Maneno usiyagonge kwenye kadi yenyewe. Yagonge kwenye kipande cha milimita 70 kwa 30, kikitoka kibovu unatupa kipande tu. Kibandike kwa selotepu ya pande mbili, maana gundi nyeupe ya maji hukunja karatasi.

Seti angavu zinaushinda muhuri wa mpira kwa jambo moja, unaona hasa muhuri unapotua, na kwa majina ya watu nazipenda. Lakini hesabu herufi kabla ya kununua. Seti yenye A moja tu haiwezi kupanga "Baraka" kwa mara moja. Utagonga herufi moja moja na mstari utapanda na kushuka, labda uchukue seti tatu.

Kusafisha ni kitambaa chenye maji ya sabuni na mswaki wa zamani. Kibao usikiloweke, gundi itaachia. Petroli na thina hufanya mpira uvimbe na maandishi kupoteza makali, kwa hiyo wino mkaidi uuondoe kwa sabuni na subira. Hifadhi mbali na jua, uso wa mpira ukiwa huru bila kitu kizito juu yake.