Bakapu ya databesi ya duka: ipi ununue, ipi uache dukani

Oktoba, minada ya korosho imeshaanza na wadaiwa wameanza kuja na hela mkononi, kompyuta ya duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara ikagoma kuwaka. Umeme ulikuwa umekatika mara tatu asubuhi ile, na uliporudi mara ya tatu ulirudi na hasira. Nilikaa kwa amani kabisa. Bakapu, ile nakala ya akiba ya databesi yenye mauzo na madeni yote ya duka, si ninayo? Namlipa kijana wa programu shilingi 180,000 kwa mwaka, na kila usiku saa sita faili jipya linaingia kwenye diski ya nje. Nilikuwa naliona kwa macho yangu: jina la duka, tarehe, na sql mwishoni.

Safu niliyokuwa siitazami ni ile ya ukubwa. KB 0. La jana yake, KB 0. Nikashuka na kidole kwenye skrini mpaka tarehe 9 Agosti, ndipo nikakuta faili lenye uzito.

Kilichotokea ni kwamba kijana wa programu alibadilisha paswedi ya MySQL, programu inayotunza databesi yangu, mwezi Agosti, akasahau kuibadilisha kwenye amri ya bakapu. Ukiiambia mysqldump, amri ya kutoa nakala ya databesi, iandike kwenye faili, Windows hufungua faili kwanza, halafu ndipo mysqldump inabisha hodi kwenye databesi. Ikifukuzwa mlangoni, faili linabaki na jina lake zuri na tarehe sahihi, tumboni hamna kitu. Miezi miwili nilikuwa nakusanya makasha matupu.

Na miezi hiyo ndiyo watu wa Nanyamba na Tandahimba wanachukua bati na saruji kwa ahadi ya msimu. Mzee mmoja aliingia siku ya tatu ya msiba wangu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Nimekuja kumalizia." Nikababaika, maana sikuwa na pa kuanzia. Akatoa kidaftari cha kurasa 32 mfuko wa shati, akalamba kidole, akasoma: bati 18 geji 30, saruji mifuko 12, nimetanguliza laki mbili. Bakapu yangu ilikuwa mfukoni mwake. Wengine hawakuja na vidaftari. Wengine hawakuja kabisa.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia ukubwa wa diski wala kasi yake, hayo yameandikwa kwenye boksi. Nina swali moja tu: data inarudije? Wauzaji wote wanakuuzia kuweka. Anayekuonyesha kutoa sijampata. Na si sisi wa Mtwara tu: tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni ya mtandaoni inayotunza kazi za waandika programu, alifuta kwa bahati mbaya databesi yao iliyokuwa kazini. Walikuwa na njia tano za bakapu na hakuna hata moja iliyofanya kazi ilivyotakiwa. Kilichowaokoa ni nakala aliyoipiga fundi kwa mkono, kwa shughuli nyingine, kama saa sita kabla ya ajali. Nilipoisoma hiyo nikalala vizuri kidogo.

Sasa vitu vyenyewe, kuanzia ninachokipenda.

Namba moja ni Backblaze B2, na sifichi kwamba naipendelea. Ni hifadhi ya mtandaoni, na GB 10 za kwanza hawatozi. Nakala zote za databesi yangu yenye miaka sita ya mauzo hazifiki GB 2, kwa hiyo mpaka leo sijawalipa kitu. Lakini kilichonivuta ni kwamba kuchukua data yako ni bure hadi mara tatu ya ulichohifadhi kila mwezi. Kampuni nyingine bei ya kuweka ni tamu, bei ya kutoa imejificha ukurasa wa nne. Wasabi nao hawatozi kutoa, ila watakutoza TB 1 nzima hata ukiweka faili moja, na ukilifuta kabla ya siku 90 bado unalilipia. Kwa duka la bati hilo ni kodi ya ghorofa kwa mtu anayetaka kibanda. B2 ina kufuli pia: unaweka muda, na kabla haujaisha faili halifutiki, hata na mwizi aliyeingia na paswedi yako. Mimi nimeweka siku 30.

Ila usiitegemee peke yake, hasa ukiwa huku kusini. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja, mvua ikakata barabara ya Lindi kwenda Dar. Kabla hatujapumua, tarehe 12 Mei nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikawa ya kuomba. Ungehitaji data yako wiki ile ungeisikia tu kwamba ipo.

Ndiyo maana namba mbili ni diski za nje, na nimesema diski kwa wingi. Mbili, WD My Passport, kwa zamu: moja dukani, moja nyumbani Chikongola, kila Jumatatu zinabadilishana. Ya dukani ikishapokea faili inachomolewa. Kirusi kinachofunga mafaili na kudai pesa hufunga na diski iliyochomekwa. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, mimi yangu inalala kwenye kontena la chakula lenye mfuniko mkali pamoja na vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya.

Synology, lile kasha la diski mbili linalokaa kwenye mtandao wa duka, ni chombo kizuri, na watu watanigombeza kwa kuliweka namba tatu. Lakini diski zake mbili ni kioo na sura: ukifuta upande mmoja, umefuta na wa pili. Na linakaa jengo moja na kompyuta. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kompyuta za kuhifadhi data cha kampuni ya OVH pale Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, na wateja ambao bakapu zao zilikuwa hapohapo walipoteza vyote kwa moto mmoja.

Google Drive ya kujisawazisha yenyewe, ile inayonakili folda yako mtandaoni kila ikibadilika: ukiharibu faili, inaharibu na nakala kwa utiifu. Na kamwe usiielekeze kwenye folda ya data ya MySQL ikiwa inafanya kazi, utapata vipande visivyoungana.

Chochote utakachonunua, kifanyie hivi. Fungua faili la bakapu uende mstari wa mwisho kabisa. Kama mysqldump ilimaliza kazi utakuta maneno "Dump completed" na tarehe. Usipoyakuta, faili limekatika njiani. Halafu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nachukua laptopu ya zamani, narejesha faili la jana yake kuanzia mwanzo, nalinganisha vitu vitatu: idadi ya wateja, jumla ya madeni, namba ya risiti ya mwisho. Napima na saa ya simu. Mara ya kwanza ilinichukua saa nne na simu kumi na moja kwa kijana wa programu. Sasa dakika 25, sipigi hata moja.

Huyo kijana, nilipomwambia anirudishie japo nusu ya ile 180,000, alijibu: "Dada, bakapu ilikuwa inafanya kazi, ni data ndiyo haikuwepo." Mwaka huu ameniletea ankara ya 220,000. Na wauzaji wa hapa mjini wakikuuzia diski wanaongeza juu ya bei ya Kariakoo, ukiuliza wanasema umbali, wakati basi linalileta boksi hilo kwa hela ya chai.

Flashi: hapana. Niliwahi kuuziwa ya TB 2 kwa elfu thelathini na tano, H2testw, programu ya kupima ukubwa halisi wa flashi, ikanionyesha GB 29. Mwanangu ameijaza singeli, na anasema nyimbo za mwanzo zimeanza kupotea kila anapoongeza mpya.