Mwaka mmoja na SEO ya polepole: uzoefu wangu

Nauza vipuri vya cherehani na kuzitengeneza zinapoharibika. Tovuti ninayo muda mrefu, ila kwa miaka mingi ilikuwa kama kibao kizuri kilichotundikwa chumbani: wateja waliokuja ni wale wale wenye namba yangu ya simu.

Niseme mapema kwamba hii ni huduma ya pili ya SEO, yaani kazi ya kuifanya tovuti ionekane kwenye matokeo ya Google, kuilipia. Ya kwanza siitaji jina, sitafuti ugomvi, lakini nisipoisimulia hamtaelewa kwa nini naisifia hii ya sasa. Waliniahidi nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya siku 60. Sikujua wakati ule kwamba Google wenyewe wameandika wazi kuwa hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza. Wiki ya sita kweli tukapanda. Nikafurahi, nikalipa miezi mitatu mbele. Muda si mrefu nikafungua Search Console, chombo cha Google cha kumwonyesha mwenye tovuti hali yake, nikakuta onyo: tovuti yangu imechukuliwa hatua kwa sababu ya viungo visivyo vya asili, yaani linki za hila kutoka tovuti nyingine kuja kwangu. Kumbe walininunulia viungo kwa jumla kwenye tovuti za kamari na za dawa za kupunguza unene. Nilipowapigia, simu iliita mpaka ikakatika.

Ujinga nao ulikuwa wangu. Viungo vya kununua Google ilianza kuvifyeka kwa nguvu Aprili 2012, lilipotoka sasisho la mfumo wake wa utafutaji liitwalo Penguin, na mwaka mmoja kabla sasisho jingine, Panda, lilikuwa imeshazishukia kurasa za maneno matupu. Niliuziwa ujanja uliooza kitambo, na nikashukuru.

Mshauri wa sasa hakuniuliza nataka kuongoza kwa maneno gani. Aliuliza, "Wateja wakikupigia, wanauliza nini?" Nikababaika. Akanipa kazi: kwa wiki mbili niandike kila swali kama lilivyotamkwa, bila kulinyoosha. Nikajiona nimerudishwa darasa la tatu, lakini daftari nikanunua. Likajaa mambo kama "uzi unakatika kila nikishona jinzi", "mashine inaruka mishono", "bobini hii itaingia kwenye yangu?" Hakuna hata mmoja aliyesema "vipuri bora vya cherehani", maneno ambayo wale wa kwanza walikuwa wameyarudia mara 31 kwenye ukurasa mmoja. Nilihesabu. Mshauri alinisomea aya ya kwanza kwa sauti: "Karibu kwenye vipuri vya cherehani, tuna vipuri vya cherehani kwa wanaotafuta vipuri vya cherehani." Nikamwomba anyamaze.

Tukaandika upya, na ninaposema tukaandika, maana yake niliandika mimi, yeye akawa anakata. Ukurasa wa uzi unaokatika ulinichukua jioni tatu. Nilieleza kwamba kabla ya kununua chochote, mtu aangalie kama sindano imewekwa kinyume, maana kwenye cherehani nyingi za nyumbani upande bapa hukaa nyuma. Kwamba jinzi inataka sindano namba 16, si 11 iliyokuja na mashine. Kwamba uzi uliokaa miaka kwenye droo hukauka. Picha nilipiga mwenyewe, kidole changu chenye grisi kikiwa ndani. Nilitaka kukiondoa pichani, mshauri akakataa: kidole hicho kinaonyesha kuwa mwandishi ameishika mashine.

Mambo ya kiufundi nitayapita haraka. Picha zilipunguzwa uzito, kwa kuwa ile kubwa ya ukurasa wa mbele ilikuwa na megabaiti 4, wakati Google inataka kitu kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kurasa pacha ziliunganishwa. Viungo vya kamari tuliomba viondolewe, vilivyobaki tukavikana rasmi ili Google isivihesabu, tukaomba tukaguliwe upya. Ombi la kwanza lilikataliwa, la pili likapita.

Kisha ukimya. Google husema kazi ya namna hii kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka kuonyesha faida, na mshauri alinisomea hilo siku ya kwanza, lakini kusomewa na kusubiri ni vitu viwili. Mwezi wa tatu wa kazi nilimwandikia ujumbe mkali ambao sasa nauonea aibu. Hakujitetea. Alinionyesha mstari mmoja tu: idadi ya mara tunazoonekana kwenye matokeo ilikuwa imeanza kupanda, mibofyo bado. Mwezi wa tano akapiga mtu nisiyemjua kabisa. "Nimegeuza sindano kama ulivyoandika, bado inakatika. Nadhani ni ile springi ya mkazo." Mteja aliyekwisha kujitibu nusu! Simu ilikwisha kwa dakika mbili na springi ikauzwa. Wapo pia wanaosoma, wanarekebisha, na sitawasikia kamwe. Mwanzoni iliniuma. Tangu hapo yamepita masasisho makubwa mawili ya Google, tukashuka kidogo kwenye moja na kurudi wenyewe bila kununua kitu.

Lawama ninazo kwa hawa wa sasa pia. Ripoti ya kila mwezi ilikuwa na kurasa 20, nusu yake ikisifia alama ya "mamlaka ya tovuti", ambayo hutungwa na kampuni za programu, wala Google haiitumii. Search Console waliifungua kwa akaunti yao, ikabidi nidai umiliki kwa maandishi. Dai umiliki wako siku ya kwanza, usingoje kama mimi. Na hawakuniandaa kwa majibu ya akili mnemba yanayotokea juu ya matokeo. Kurasa zangu za maswali mepesi zinaonekana kama zamani, mibofyo imepungua. Zile zenye picha na vipimo vya vipuri bado zinashikilia.

Nawapa nyota nne. Mkataba nimeuhamisha kutoka kila mwezi kwenda kila miezi mitatu, ripoti iwe kurasa mbili. Daftari bado lipo kando ya simu. Wiki hii swali linaloongoza ni mkanda wa mota unaoteleza, na ukurasa wake sijauandika.