Kurudia Kusadikika au kuanza Rosa Mistika?

Sahivi nasoma riwaya mbili kwa mpigo, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) nairudia, na Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ndo mara ya kwanza. Aisee ni mbingu na ardhi. Kusadikika inaenda taratibu, Karama yuko kizimbani anasimulia habari za wajumbe sita mmoja baada ya mwingine, na kwa vile mwisho naujua sina haraka ya hukumu, nafuata tu anavyozipanga hoja zake, raha kuliko mwanzo (lugha yenyewe sasa, we acha). Rosa haina subira hiyo, barua tu ya kijana Charles kwa Rosa, baba mtu Zakaria ashamtwanga binti, yani unafunua kurasa na hasira. Usiku bora Kusadikika, Rosa utakesha nayo.