Kamusi ya simu niliyoipima kwa tumbo

Kazi yangu ni kufasiri vipeperushi vya afya, kwa hiyo kamusi mpya ya simu siipimi kwa maneno magumu. Nafungua "tumbo". Ni neno la kila siku, na mtunzi mvivu hulipitia mbiombio.

Hii imeanza vizuri. Fasili ya kwanza ni sehemu ya mwili kati ya kifua na nyonga, ya pili mfuko wa chakula, ya tatu mimba. Kutenganisha hizo mbili za mwanzo kuna faida, kwa sababu mtu akikwambia tumbo linamsokota, huenda ameshika chini ya kitovu, mbali na mfuko wenyewe. Wangeongeza "fumbatio" la vitabu vya baiolojia ningewapa mkono. Ndugu wa tumbo moja wapo. "Tumbo joto" halipo, na magazeti hayamalizi msimu wa uteuzi bila wagombea kukaa matumbo joto!

Kilichoniudhi ni "matumbo". Ukilitafuta unarudishwa kwenye "tumbo", ati ni wingi wake, basi. Mbona ni wingi wa utumbo pia? Homa ya matumbo ni taifodi, na bakteria wake huvamia utumbo mwembamba. Anayeanza kazi hii akiifuata kamusi, ataandika "homa ya tumbo" na msomaji atafikiri ni tumbo la kuendesha tu. "Utumbo" wenyewe umeelezwa safi, mwembamba na mpana, ila maana ya mtaani ("acha kuongea utumbo") wameiogopa. Ajabu, kwenye "tumbua" hawakuogopa kitu: kutumbua samaki, kutumbua jipu, mpaka kule kumng'oa mtu ofisini kulikoshika kasi Rais Magufuli alipoingia madarakani 2015.

Halafu kuna sehemu ya asili ya neno. Fungua "tabibu" au "maradhi", unaonyeshwa hadi umbo la Kiarabu. Fungua "tumbo": Kibantu. Nukta. Ini, Kibantu. Figo, Kibantu. Huu ni ubahili, maana ya kusema yapo tele. Kwa Kishona tumbo ni dumbu, na wingi wake matumbu. Wazulu matumbo huyaita amathumbu. Kichewa ndicho kinachonifurahisha zaidi: huko mimba ni tumbo lenyewe, ilhali sisi neno hilo tumelibakishia ujauzito. Inda ya Kinyarwanda na olubuto la Kiganda hubeba yote mawili. Kumbe ile fasili ya tatu si tafsida ya watu wa adabu, ni desturi ya ukoo mzima wa lugha, na mistari miwili ingetosha kuieleza.

Mengine ni ya kawaida. Inafanya kazi bila intaneti, herufi ni kubwa, na ukikosea tahajia inakukisia unachotaka. Matangazo ya toleo la bure yanakaa chini kabisa, hayasumbui. Sauti ya matamshi inasoma kila neno kama tangazo la msiba.

Nyota tatu kati ya tano. Mwanafunzi itamtosha. Mfasiri wa afya aiweke kwa ajili ya safari, ila orodha yake ya majina ya magonjwa asiifute.