Mkopo wa kukarabati vyumba vya kupangisha: nilivyouona hapa Mbeya

Nyumba yangu ya Ilemi ina vyumba sita, na wapangaji wangu wengi ni akina mama wanaouza viazi na ndizi Mwanjelwa. Msimu wa mvua uliopita bati zenye kutu zilivuja hata mmoja wao akawa analala na beseni juu ya godoro, jambo lililoniumiza sana.

Nilichukua mkopo mdogo wa nyumba katika taasisi moja ya fedha, aina ya mkopo ambayo Serikali iliianzishia mfuko chini ya mradi wa mikopo ya nyumba wa mwaka 2010, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ofisa wao alistahili sifa: alipanda ngazi mwenyewe, akazigusa boriti moja moja, akanishauri nianze na kenchi na bati, choo kifuate awamu ya pili.

Kasoro ni ucheleweshaji. Nilirudishwa mara tatu kwa ajili ya barua ya serikali ya mtaa, mvua zikanikuta paa likiwa wazi. Riba nayo ni nzito kwa mwenye nyumba asiyetaka kupandisha kodi, na ndiye hasa ninayeona anastahili kupunguziwa.