Matairi yanayojiziba pancha: tathmini baada ya kilomita 40,000

Kwa miaka miwili na nusu nimeendesha gari dogo la familia lililofungwa matairi manne yanayojiziba yenyewe, yaani matairi ambayo kwa ndani, nyuma ya uso unaokanyaga barabara, yamepakwa tabaka nene la gundi laini isiyokauka, ambalo kazi yake ni kuuzingira msumari unapopenya na kuziba tundu unapotoka. Nimeyatembeza zaidi ya kilomita 40,000 na sasa mifereji yake inakaribia kikomo, kwa hiyo naweza kuyatolea hukumu bila haraka. Msukumo wa kuandika, hata hivyo, haukutokana na uzuri wa matairi haya peke yake. Katika muda wote huo sijakutana na dereva wa kawaida hata mmoja aliyejua kwamba yapo, ilhali kampuni ya Continental ilianza kuyafunga kwenye magari mapya ya Volkswagen Passat CC tangu mwaka 2008.

Nianze na jambo lililonipa imani nayo. Siku moja fundi aliliinua gari ili abadilishane matairi ya mbele na ya nyuma, akakuta msumari mnene umezama hadi kichwani katika tairi la nyuma la kulia. Kichwa chake kilikuwa kimelika na kung'aa, dalili kwamba nilikuwa nimetembea nao siku nyingi, lakini geji ilionyesha upepo uleule niliojaza mwanzoni mwa mwezi. Tulipouchomoa, upepo ulilia kidogo na kunyamaza. Fundi akamwagia maji ya sabuni mahali pale, tukasubiri, na hakuna povu lililotokea. Kwa mtu ambaye amewahi kufungua nati za gurudumu usiku, mvua inanyesha na watoto wamelala kiti cha nyuma, ukimya ule ulikuwa na thamani kubwa kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Mipaka yake iko wazi na inafaa ijulikane kabla ya kununua. Gundi hiyo imewekwa nyuma ya uso wa tairi tu, na aina nyingi hutengenezwa kuziba matundu yasiyozidi milimita 5 kwa upana. Ubavu haulindwi hata kidogo: ukigonga ukingo wa shimo na ubavu ukapasuka, tairi hili litalala chini kama tairi jingine lolote. Pili, si kila fundi anakubali kulitengeneza, kwa kuwa gundi lazima iondolewe kwa uangalifu mahali pa jeraha ndipo kiraka kishike, na wengi hawana subira hiyo. Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, tairi linaloficha pancha linamnyima dereva habari. Ule msumari wangu ungeweza kukaa mpaka maji yakapenya na kuanza kula waya za chuma zilizomo ndani ya tairi. Mwenye matairi haya anapaswa kuyakagua kwa macho na kwa kiganja mara nyingi zaidi kuliko mwenye matairi ya kawaida, si mara chache zaidi.

Nimewahi pia kutumia ndugu yake, tairi linaloweza kutembea bila upepo. Hilo halizibi chochote. Ubavu wake umeimarishwa kwa mpira mgumu kiasi kwamba huweza kuubeba uzito wa gari upepo ukiisha, kwa kawaida umbali wa kilomita 80 kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Bridgestone waliliweka kwenye Porsche 959 katika miaka ya 1980, kwa hiyo si jambo geni. Lina faida moja ambayo tairi linalojiziba halina, nayo ni kwamba hata ubavu ukijeruhiwa, mara nyingi utafika mahali salama. Gharama yake huilipa kila siku, kwa sababu ugumu uleule unaolibeba gari wakati wa pancha hukuletea kila bonde la barabara mpaka kwenye uti wa mgongo. Isitoshe, lazima gari liwe na mfumo wa kupima upepo, maana bila mfumo huo unaweza kukanyaga tairi tupu bila kuhisi tofauti yoyote kwenye usukani, ukaliharibu lisifae tena. Anayesafiri peke yake usiku mara kwa mara bado ningemshauri alichukue. Kwa matumizi ya familia, linalojiziba linanitosha, tena linakaa kwenye rimu za kawaida.

Sasa, kwa nini kitu kinachofanya kazi vizuri hivi kinabaki hakijulikani? Historia ya matairi inaonyesha kwamba mambo yamekuwa hivi siku zote. Michelin walisajili hataza ya tairi la radiali mwaka 1946 na kuanza kuliuza mwaka 1949. Nyuzi zake zilipita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo badala ya kukatizana kimshazari, na juu yake ukawekwa mkanda wa waya za chuma. Matokeo yake yakawa tairi linalodumu zaidi, linaloshika barabara vizuri zaidi na kupoteza nishati kidogo. Hata hivyo, nchini Marekani madereva waliendelea kununua tairi la zamani kwa miaka zaidi ya ishirini, na ni mwaka 1970 tu ndipo Ford walipoliweka tairi la radiali kama kifaa cha kawaida kwenye Lincoln Continental Mark III. Viwanda vililazimika kubadilisha mitambo kwa gharama kubwa, na magari yalikuwa yametengenezwa yakilitegemea tairi la zamani. Lakini naamini kulikuwa na sababu nyingine sahili zaidi: kwa macho ya mnunuzi, matairi yote mawili ni duara jeusi.

Tofauti na simu au gari lenyewe, tairi hununuliwa na mtu ambaye hakutaka kulinunua. Anafika dukani kwa sababu la zamani limekuwa kipara au limepasuka, anataja saizi iliyoandikwa ubavuni, anauliza bei, na anataka aondoke. Hakuna nafasi katika mazungumzo hayo ya kuzungumzia mchanganyiko wa mpira, ingawa humo ndimo maendeleo makubwa yalimofanyika. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watengenezaji wameweza kuchanganya silika, unga wa madini yaliyomo kwenye mchanga, kwenye mpira wa uso mahali pa sehemu kubwa ya kaboni nyeusi, ule unga kama masizi unaoimarisha mpira, na kwa njia hiyo wakapunguza nishati inayopotea tairi linapobingirika bila kuuondoa mshiko wake kwenye barabara iliyolowa, mambo mawili ambayo zamani yalikuwa yakipingana. Dereva aliyefaidika na kazi hiyo kwa kawaida hajui, kwa sababu faida yenyewe ni mita chache za breki asizopata nafasi ya kuzipima, na lita chache za mafuta zinazopotea ndani ya hesabu ya mwezi.

Ndiyo maana naona kwamba sheria imefanya zaidi ya matangazo. Umoja wa Ulaya uliweka lebo ya matairi mwaka 2012 na kuirekebisha mwaka 2021, ambapo matumizi ya mafuta na mshiko wa kwenye maji hupewa daraja kutoka A hadi E; mnunuzi aliyechoka anaweza angalau kulinganisha herufi mbili. Vihisi vya upepo navyo vilienea kwa sababu Marekani, na baadaye Ulaya, ziliyalazimisha magari mapya yawe navyo, si kwa sababu madereva waliviomba. Hapo niongeze onyo: nchini Marekani taa ya onyo ya vihisi hivyo inatakiwa kuwaka upepo unapopungua kwa asilimia 25 chini ya kiwango, kwa hiyo kabla haijawaka unaweza kuwa umetembea wiki nyingi na tairi laini linalolika mabega, yaani kingo za uso wake. Geji ya mkononi bado ina kazi.

Kuhusu matairi yasiyo na upepo kabisa, Michelin walionyesha Tweel mwaka 2005 na Uptis mwaka 2019. Ya aina hiyo yanatumika kwenye mitambo ya mwendo mdogo, lakini kwa gari la familia sioni sababu ya kuyasubiri ilhali vitu bora vilivyopo tayari bado havijaulizwa dukani.

Seti ijayo nitafunga tena matairi yanayojiziba, na sharti langu kwa muuzaji litakuwa lilelile la mara ya kwanza: asiniletee tairi lililotengenezwa zamani. Kwa kuwa matairi haya hayaulizwi sana, hukaa ghalani muda mrefu, na mpira huzeeka hata ukiwa umesimama. Ubavuni, mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kati ya matairi manne niliyoletewa, matatu yalikuwa ya mwaka mmoja na la nne lilikuwa limeyatangulia kwa miaka mitatu. Muuzaji aliniambia kwa uaminifu kwamba hakuwahi kuulizwa jambo hilo. Nililirudisha, nikasubiri siku tisa mpaka lilipofika jingine, na katika siku hizo gari lilikaa bila kuendeshwa.