Magazini za zamani pale Kibuye: enda, lakini fungua kurasa kwanza

Kama unakusanya magazini za zamani za historia na wanyama na uko pande za Kisumu, usikimbilie Nairobi, pitia soko la Kibuye Jumapili asubuhi kabla jua liwake. Kuna mzee anauza vitabu vya mitumba, magazini amezipanga juu ya mbao ndio mvua ikinyesha maji yapite chini, na turubai liko karibu. Huyo anajua anachouza.

National Geographic ndizo nyingi, hasa za miaka ya 80 na 90. Mimi nilipata ile ya Novemba 1985, ile kava yake ina hologramu ya fuvu la mtoto wa Taung, lile la kale sana la Afrika Kusini, ukiigeuza juani fuvu linatokea na rangi rangi halafu linapotea, na ndani kuna stori ya kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale ya karibu miaka milioni 1.6 ambayo Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku wetu, aliigundua Nariokotome kule Turkana mwaka wa 1984. Jameni unaisoma wakati habari bado ni mbichi, mwaka mmoja tu baada ya kupatikana, kitabu cha shule hakikupi hiyo raha. Alisema 200, nikalipa hapo hapo.

Sasa sikia, karatasi za kung'aa zikilowa halafu zikauke zikiwa zimebanana, kurasa zinashikana, ukivuta picha inabanduka yote. Kuna muuzaji mwingine mjini anafunga magazini na kamba na hataki ufungue, nilifika nyumbani nikapata nusu ni kama ubao. Huyu wa Kibuye nilimwomba, "Mzee, naweza angalia ndani?" akasema "Fungua zote mwanangu." Angalia pia kama ramani iko, zile za kukunjua zilizokuja ndani ya National Geographic, watu wanazitoa wanabandika ukutani.

Old Africa, hii yetu ya historia iliyoanza 2005, anazo safi lakini bei iko juu kidogo. Za sanaa ni shida, African Arts nimeona moja tu. Na hajapanga kwa mwaka, so ukitaka toleo fulani jipe saa nzima ya kuchambua.

Swara, ile magazini ya wanyama, za miaka ya 80 ndizo bado natafuta, mwenye nazo Kakamega ama Nakuru aseme tubadilishane, niko na National Geographic za ziada na ramani zake.